Kampuni ya Kabatini

Tunduma ina malori mengi kuliko nyumba, na mtu mwenye lori moja hahesabiwi kuwa tajiri. Yahaya hakujali. Lori lake lilikuwa Scania kuukuu la kichwa chekundu, na kila asubuhi kabla ya chai alilizunguka, akilipapasa matairi kama mtu anayekagua ng'ombe wake. Alikuja mjini akiwa utingo kutoka Tabora, akaendesha malori ya watu ujana wake wote, na hata alipopata la kwake, mkewe Shamimu aliuza kiwanja chake kilichokuwa Mpemba, nje kidogo ya mji, ili kujazia. Ada za watoto, kodi ya nyumba, dawa za mama yake kule Tabora, vyote vilishuka kutoka kwenye lori lile. Hawakuwa na kingine.

Basi mwaka ule, kabla ya msimu wa mbolea, riziki ilimbishia hodi, au yeye ndivyo alivyodhani. Mama Felista, mwenye maghala ya mbolea Mbeya, alimwambia kuwa angempa kazi ya kusambaza mifuko Itaka, Chitete na vijiji vya huko misimu miwili mfululizo. Alikuwa na sharti moja tu. Hakufanya kazi na mtu binafsi. Alitaka kampuni, tena isiwe iliyozaliwa jana, iwe na umri wa miaka mitatu na namba yake ya mlipakodi, na lori liwe kwa jina la kampuni hiyo.

Yahaya kampuni angeitoa wapi? Kusajili mpya aliweza, lakini umri haununuliwi. Ndipo akatokea Abdulwahab, mwenye duka la vipuri karibu na forodha, mtu wa kanzu safi na maneno laini, akamwambia kuwa umri nao unanunuliwa.

"Ndugu yangu, ninayo kampuni ya kabatini," alisema, akimmiminia kahawa. "Nyota ya Mpakani. Niliisajili, nikaichukulia namba ya kodi, nikaifungia kabatini. Haijauza hata kiberiti. Ni mwanamwali, unasikia? Wewe unaingia tu kama bwana harusi. Mimi natoka kwenye ukurugenzi, wewe unakaa, na umri wake unakuwa wako."

Wapo wanaofanya hivyo na hakuna dhambi ndani yake. Mtu anasajili kampuni, anaiacha ikae, anamuuzia mwenye haraka. Dhambi iko katika kusema haijaguswa wakati imeguswa, na hilo halionekani kwa macho.

Shamimu, ambaye hakusoma sana ila hakuwa mjinga, aliuliza swali moja tu usiku ule walipokuwa wanakula. "Watu wa kodi wanasemaje?"

"Namba ipo. Nimeiona."

"Sijauliza kama umeiona. Nimeuliza wanasemaje."

Kesho yake Yahaya akaenda ofisi ya kodi, na dirishani akamkuta Kasiani.

Hapa lazima huyu Kasiani aelezwe. Alikuwa Mngoni wa Songea, na Yahaya ni Mnyamwezi, na Wangoni na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu waliopigana, Wangoni wakitoka kusini kwa Wazulu, Wanyamwezi wakibeba mizigo ya misafara ya Waarabu. Mtani hana heshima kwako, wala wewe kwake. Anakutukana mbele ya wakwe zako nawe huruhusiwi kununa. Msibani ndiyo usiseme: anazuia jeneza, anavaa nguo za marehemu, anamcheka maiti mpaka wafiwa wanasahau kulia. Lolote asemalo mtani ni upepo, na atakayelishika moyoni ndiye anayeonekana hamnazo.

"Mpagazi umefika!" Kasiani alipaza sauti kupita foleni nzima. "Mzigo wa Mwarabu umeutua wapi?"

"Nimekuja kukulipia nauli," Yahaya akajibu. "Wazulu wamepiga simu, wanamtaka mtoro wao."

Watu wakacheka. Yahaya akasogeza kikaratasi chenye namba ya Nyota ya Mpakani, akaeleza kwa sauti ya chini kuwa anataka kuinunua, je, iko safi? Kasiani akabonyeza kompyuta. Akasoma. Akasoma tena. Kisha akageuka kidogo kumtazama bosi wake aliyekaa nyuma, akarudisha kikaratasi.

"Habari za mlipakodi hatumpi mtu mwingine," akasema. "Ni sheria, tumekula kiapo. Mwenye kampuni aje mwenyewe, au akupe barua yenye sahihi yake. Nitakuchapia kila kitu."

"Mtani, nitikisie kichwa tu."

"Mlete mwenyewe. Usinunue kabla hujamleta hapa."

Hakumtania tena. Yahaya aliliona hilo alipokuwa anatoka, akadhani jamaa ana njaa, saa ya chakula ilikuwa imepita.

Akamfuata Abdulwahab kuomba barua. Abdulwahab hakukasirika, angekasirika ingekuwa nafuu. Aliinamisha kichwa kwa huzuni, akafungua droo, akatoa cheti cha namba ya mlipakodi chenye mhuri.

"Yahaya," alisema polepole, "tunaswali safu moja, bega kwa bega. Mwanangu alipougua, lori lako ndilo lililompeleka hospitali. Leo unataka twende dirishani kama mimi ni mwizi? Haya, cheti hiki hapa. Kuna mtu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anakuja Jumamosi na kwacha zake. Sitaki kukulazimisha."

Yahaya aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Akakishika kile cheti, akakisoma juu hadi chini. Jina lilikuwepo, namba ilikuwepo. Hakujua, na nani angemwambia, kwamba cheti kinasema tu kuwa kampuni inajulikana kwa watu wa kodi. Hakisemi wanaijua kwa wema au kwa ubaya. Akaomba radhi. Ndiyo, yeye ndiye aliyeomba radhi.

Siku mbili baadaye akafa Bi Mwanaisha, mama wa watu wote wa Tabora waliopo Tunduma, bibi aliyewapokea karibu wote walipofika mjini hawana pa kulala. Uani kwake pakajaa. Kina mama ndani, wanaume nje kwenye mikeka, na Kasiani, Mkristo kati ya kofia zote zile, akaja kufanya kazi ya mtani. Alijifunga khanga ya marehemu, akashika ufagio wake, akapinda mgongo na kuanza kuwafokea waombolezaji kwa sauti ya Bi Mwanaisha mwenyewe: nani amemaliza wali wangu, nani hajalipa kodi ya chumba? Watu waliokuwa wanalia wakashika mbavu. Jeneza lilipotaka kutoka akajilaza mlangoni, akadai hela ya njia, na shehe akasonya lakini akangoja kama wengine.

Hela zilipokuwa zinatupwa, Kasiani akainuka ghafla, akamwendea Yahaya.

"Na wewe mpagazi!" akasema kwa sauti ya kusikika uani kote. "Wenzako leo wanazika, wewe unanunua maiti! Hiyo Nyota ya Mpakani ya Abdulwahab imeoza. Iliingiza mafuta ya dizeli haikulipa kodi, deni limeota ndevu. Ukitia lori lako humo, serikali italibeba. Usinunue!"

Kicheko kilichotoka pale kilifika barabarani. Abdulwahab mwenyewe, aliyekuwa kwenye mkeka wa mbele, alicheka akijifuta machozi. Yahaya naye alicheka, alicheka sana, akatoa noti na kumtupia.

"Shika, ukanunue komoni! Mngoni akikosa pombe anaota hesabu za watu."

Kasiani hakuiokota ile noti. Alimshika Yahaya shati kifuani. "Sitanii, Yahaya. Nakuambia sitanii."

Basi hapo ndipo watu walipovunjika mbavu kabisa, kwa sababu kila mtani husema hivyo hivyo. Jeneza likatoka. Wakaenda kuzika.

Jumamosi Yahaya akalipa. Wakatia sahihi kwa wakili, lori likahamishwa jina, na fundi akaandika NYOTA YA MPAKANI kwa rangi ya njano kwenye mlango mwekundu. Shamimu akapika pilau. Safari ya kwanza mbolea ilifika Chitete salama, kwenye barabara ile ya mashimo, na Yahaya akarudi akiimba. Alikuwa ameanza hata kuulizia lori la pili, masikini wa Mungu.

Safari ya pili hawakuvuka Mpemba. Dalali wa watu wa kodi alisimama barabarani na polisi wawili na karatasi mkononi, akasoma jina mlangoni, akasema ndilo hili. Mifuko ilihamishiwa kwenye gari lingine lililotumwa na Mama Felista, ambaye tangu siku hiyo hakupokea tena simu ya Yahaya. Lori likavutwa hadi yadi.

"Mimi nimeinunua juzi tu!" Yahaya alimlilia wakili. "Deni ni la Abdulwahab!"

"Deni ni la kampuni," wakili akamjibu, bila hata kuvua miwani. "Umeinunua pamoja na tumbo lake na vyote ilivyokula. Abdulwahab mshitaki ukimpata."

Hakumpata. Duka la vipuri lilikuwa na kufuli, simu haiiti, na vijana wa kubadili fedha pale mpakani wakasema walimwona akivuka kwenda Nakonde na familia na magodoro. Yahaya akavuka, akauliza, akaambiwa Lusaka. Lusaka ni kubwa, na yeye nauli ya kurudi tu aliikopa.

Akamngoja Kasiani nje ya geti la ofisi. Alikuwa na hasira ya kumuua mtu, na Kasiani ndiye mtu pekee aliyebaki.

"Ulijua! Ulijua ukanyamaza!"

"Nilikuambia."

"Ulinitania!"

"Ningekuambia vipi?" Kasiani alisema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Dirishani nimefungwa mdomo. Ningekuja kwako usiku, ikijulikana nafukuzwa kazi, nafungwa. Nikawaza, mahali gani mtu anaweza kusema siri ya serikali mbele ya watu wote na asishitakiwe? Nikapata pale tu. Mtani hana kesi. Nikasema yote, dizeli, deni, lori. Nikakushika shati. Nikakuambia sitanii."

Kila alilosema mtu huyu lilikuwa kweli, na lilisemwa kwa Kiswahili ambacho mtoto angeelewa, na Yahaya alilipokea kwa meno nje. Hasira ikamtoka mwilini yote mara moja. Kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi, kwa maana hasira angalau inamsimamisha mtu.

Nyumbani alijiandaa kulaumiwa. Alimweleza Shamimu kila kitu, hata lile la kushikwa shati, akakaa na kungoja. Shamimu alikuwa anachambua mchele. Mikono yake haikusimama.

"Tulisikia," alisema. "Wanawake wote tulikuwa ndani tunasikia. Mimi nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Nikawaambia wenzangu, huyo ndiye mtani wa mume wangu, hana adabu." Akaendelea kuchambua, ingawa mchele ulikuwa umekwisha kuwa safi. "Mimi ndiye niliyesema watu wa kodi waulizwe. Wakajibu. Na mimi nikacheka."

Yahaya alitamani mkewe angemtukana.

Mnada ulifanyika siku ya jua kali, yadi imejaa vumbi na watu wa kutoka Uyole waliokuja kutafuta vya rahisi. Yahaya alikwenda, ingawa Shamimu alimsihi asiende. Mtu mmoja mnene alilizunguka lori, akapapasa matairi, akakwangua kwa kucha yale maandishi ya njano, akauliza kama rangi hiyo inatoka kirahisi. Nyundo ikapigwa. Hata baada ya mnada, deni halikuisha lote.

Kasiani alikuwepo, ametumwa na ofisi kushuhudia. Alimwona Yahaya, akasita, kisha akaja, kofia mkononi.

"Pole sana, Bwana Yahaya," alisema.

Bwana Yahaya. Miaka yote waliyofahamiana hakuwahi kumwita hivyo. Yahaya alihisi neno lile likimpita kama baridi ya alfajiri.

"Usinipe pole," akasema. "Niite mpagazi. Niulize mzigo nimeutua wapi."

Kasiani akatazama chini.

"Nitukane, mtani. Watu wanatutazama. Sema chochote, nicheke."

Kasiani akafungua mdomo, na Yahaya akauangalia ule mdomo kwa matumaini ambayo hakuwa nayo tena kwa kitu kingine duniani. Nyuma yao Scania ikawashwa. Mngurumo wake aliujua hata usingizini. Kasiani akafunga mdomo, akatikisa kichwa.

"Pole, bwana," akasema tena, taratibu, kwa heshima zote.

Yahaya akawaza kuwa hata Bi Mwanaisha alikuwa ndani ya sanda, na bado alitaniwa mpaka anatoka mlangoni.