Njuga za Braelyn

Darlene Kubena alipofungua mlango, watu wa filamu walimtazama kifuani kwanza, usoni baadaye. Alikuwa amevaa shada kubwa la maua ya kitambaa, riboni za bluu na nyeupe zikimshuka hadi magotini, kila riboni na njuga zake. Mjini kwao Texas wasichana huvaa mashada hayo siku ya mechi kubwa ya shule, na mama ndiye hushona. Hili lilikuwa la bintiye Braelyn, aliyeuawa kwa risasi darasani pamoja na wenzake juma moja kabla ya mechi. Mama mtu alilimalizia kwa hasira.

"Mama, hilo litatuharibia sauti," alisema Teo, fundi wa vinasa sauti. "Tulivue kidogo?"

"Halivuliwi, baba. Kahawa hiyo hapo, jimiminie."

Whitney, mwongozaji, alikuwa ameahidi kwenye simu kwamba filamu itahusu waliouawa tu. Watu wa filamu wana maneno matamu. Waongozaji wawili walishapita mjini, wote wakajaza filamu zao sura ya muuaji, na Braelyn akapewa picha moja ya kitambulisho cha shule, macho yamefumbwa nusu. Inamuuma Darlene mpaka leo. Safari hii hakubali.

Taa zikawashwa.

"Yule kijana aliyefyatua risasi," Whitney alianza, "ulikuwa unamfahamu?"

Darlene akatikisa mabega. Njuga zikalia sebule nzima, na Teo akavua vidude vya masikioni haraka.

"Turudie. Kwao kijana huyo palikuwaje?"

Njuga zikalia tena.

"Mama, unafanya makusudi."

"Makusudi kabisa, binti yangu. Na nguvu ninazo mpaka jioni."

"Wanaotulipa wanataka yule kijana atajwe kidogo tu. Watazamaji huuliza habari zake."

"Wakaulize kwingine. Humu ndani anaulizwa Braelyn."

Teo alichekea kikombeni. "Bosi, mimi siwezi kurekodi kelele hizi. Msikilize tu."

Whitney akazikunja karatasi zake za maswali, akazikalia.

"Haya. Braelyn alikuwa mtu wa namna gani?"

Darlene alikusanya riboni zote mapajani, akazibana njuga kwa mikono miwili, isilie hata moja.

"Mbishi," alisema. "Anza na hilo. Nilimwambia njuga zimetosha, akakataa. Alitaka ziwe nyingi, nimsikie tangu barabarani akirudi nyumbani."