Spesioza Wawili

"Levina, niangalizie mzio wa huyu mama, upesi," alisema muuguzi Advera dirishani, akiweka kadi ya kupigia kura mezani. "Spesioza Inamahoro. Homa imemzidi, hasemi neno. Daktari ameandika penisilini."

Levina ndiye aliyetunza kumbukumbu za zahanati ile ya Gongoni, na jedwali la wagonjwa kwenye kompyuta alilitengeneza mwenyewe. Akaandika jina, akabonyeza. Jibu likaja: Hakuna.

"Hana mzio, dada."

Advera akaondoka mbio. Levina alipoichukua kadi ili aihifadhi, macho yake yakatua kwenye mwaka wa kuzaliwa: 1994. Kwenye skrini palisomeka 1961, makazi Urambo. Lakini mgonjwa huyu alitoka Ulyankulu. Swaumu, mwenyeji wake wa Mtendeni aliyemleta asubuhi, alisema hivyo mwenyewe.

Akairudia kanuni aliyoliwekea jedwali. Fomula yake ilitafuta jina peke yake, na ikishalipata la kwanza haiendi mbele tena.

Akaandika upya: jina liwe hili, makazi yawe haya, mwaka uwe huu, yote matatu kwa pamoja. Akasahau mabano, kompyuta ikakataa. Akarudia. Safari hii mstari mwingine kabisa ukajibu: Penisilini. Alivimba koo, 2021.

Hakujua aliinukaje. Kiti kilianguka nyuma yake.

"Dada Advera, usichome! Usichome!"

Muuguzi alikwishapaka spiriti, na sindano ilikuwa inakaribia ngozi. Akageuka kwa hasira, akauona uso wa Levina, akaishusha.

"Niliyekujibia ni mwingine, wa jina lake," Levina alisema akihema. "Huyu penisilini itamuua. Kosa ni langu."

Daktari Anselm akaitwa, akabadilisha dawa. Kufika adhuhuri Spesioza alikuwa amefumbua macho, anaomba maji. Swaumu akamshukuru Mungu kwa sauti, kisha akamshukuru na Levina, naye Levina akashindwa kumtazama.

Advera akamfuata ofisini, akafunga mlango.

"Jedwali hili tunalitumia tangu lini?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita."

"Na wangapi umenijibia kwa jina tu?"

Levina akavuta daftari la wagonjwa. Akina Mathias walikuwa watatu, akina Recheli watano.

"Sijui, dada. Nitawapigia wote."

Advera akavuta kiti, akakaa kando yake. "Nisomee namba ya kwanza," akasema, akitoa simu yake mfukoni.