Karwirwa Wawili

Mwalimu Jawahir alitufundisha misingi ya kusimamia miradi ya mifumo ya habari, katika chuo kimoja mjini Meru, na somo lake la kwanza lilikuwa jepesi hata nikalidharau. "Kabla ya kugusa kompyuta," alisema, "orodhesha kila mtu ambaye kazi yake itaguswa na mfumo. Kisha keti naye umsikilize mpaka achoke yeye, si wewe."

Mimi nilichoka mapema. Mradi wangu ulikuwa kuondoa daftari la wagonjwa katika zahanati moja ndogo ya milimani na kuweka mfumo wa kompyuta. Niliketi na muuguzi mkuu, nikaketi na mtu wa maabara. Aliyebaki ni Mama Gatwiri, karani aliyeliandika daftari hilo kwa miaka ishirini na mitatu. Sikumhoji. Ya nini kumhoji mtu ambaye mfumo unakuja kumpumzisha? Ukweli ni kwamba nilimwogopa. Alikuwa mkali, na ratiba yangu ilikuwa imekaa vizuri, sikutaka aniharibie.

Nikahamisha jina, umri, kijiji na maelezo ya matibabu. Kando ya kila jina Mama Gatwiri alikuwa ameandika pia jina la mama mzazi. Nikaona hizo ni porojo za karani, nikaziacha. Kompyuta ikanionya: Karwirwa Thuranira, miaka mitano, yuko mara mbili, kijiji kilekile. Nikacheka. Nikasema, mama wa watu amezeeka, amemwandika mtoto mmoja mara mbili. Nikafuta mmoja, pamoja na maelezo yake yote, bila kuyasoma.

Na mimi ni Mmeru! Naitwa Koome kwa sababu babu yangu ni Koome, na nina binamu wawili wanaoitwa Koome. Ndugu wawili wakipata wasichana, kila mmoja atampa mtoto wake jina la mama yao. Mtoto wa chekechea anajua hilo. Mimi nililijua tangu nizaliwe, ila nilipoketi mbele ya kioo cha kompyuta nikawa kama mgeni.

Nilikabidhi mradi wiki moja kabla ya wakati. Mama Gatwiri akahamishiwa chumba cha nyuma, kupima uzito wa watoto.

Mwezi wa pili baada ya hapo, bibi mmoja alimleta mjukuu wake aliyekuwa akiumwa kifua. Mama wa mtoto, Nkirote, alikuwa soko la Gakoromone akiuza ndizi. Muuguzi aliandika Karwirwa Thuranira, likatokea faili moja, safi, halina onyo lolote. Akamdunga penisilini. Mama Gatwiri alisikia mtoto akikoroma, akatoka mbio.

"Huyo ni wa Nkirote!" alipiga kelele. "Huyo hadungwi hiyo, mwili wake unaikataa! Si niliandika?"

Aliandika. Mimi ndiye niliyefuta. Mtoto alifariki kabla gari halijafika hospitali ya mjini.

Mwalimu Jawahir alisoma ripoti yangu mpaka mwisho. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. "Alama zako nimeziweka kando, Koome," alisema. "Nenda kwanza ukaketi na wale ambao hukuketi nao."

Nilianza kwa Mama Gatwiri. Alinisikiliza, akanielekeza kwa akina Thuranira, akafunga mlango. Nikaenda. Mazishi yalikuwa yamepita, na bibi alikuwa uani akichambua maharagwe. Nilimweleza yote bila kujificha nyuma ya mtu.

"Ulifuta kwa nini?" aliuliza.

"Nilidhani ni mtoto mmoja, juju," nilijibu, nikimwita bibi kwa Kimeru. "Nilidhani ameandikwa mara mbili."

Aliendelea kuchambua maharagwe. Kisha akaita kwa sauti, "Karwirwa!"

Kutoka nyumba ya pili akaja msichana wa miaka mitano, mikono imejaa unga, akasimama mbele yangu.

"Mwangalie vizuri," bibi alisema. "Huyu ndiye uliyemwacha."

Mtoto alifuta unga kwenye gauni na kuninyooshea mkono anisalimie, kama alivyofunzwa kumsalimia mgeni. Nilitaka kuupokea. Mkono wangu haukuinuka.