Kampuni Isiyo na Mkubwa

Kidole kimoja huvunja chawa. Anayebisha hajawahi kufanya kazi katika kampuni ya watu watano, juu ya karakana ya viatu, mtaa wa Seongsu. Pale kidole kilikuwa Seo Bo-kyung: aliandika programu, akapokea simu za wateja, akazibua na sinki.

Faida aliziona. Binamu yake, mwajiriwa wa kampuni kubwa, bado alikuwa akiomba ruhusa ya kubadili rangi ya kitufe. Bo-kyung alikuwa ameunda kwa mikono yake kifaa kizima cha kuwaita wauguzi mzee anapoanguka. Na hakumnyenyekea mtu kwa cheo. Mwenye kampuni, Do Gwang-min, alipiga marufuku vyeo. Aliyeteleza akamwita Mkurugenzi aliwanunulia wenzake kahawa. Mwanzoni ulimi wa Bo-kyung ulikuwa mzito kumwita mtu aliyemzidi umri kwa jina tupu. Ukazoea.

Siku moja alikuja mteja, Mzee Pyo, mwenye nyumba za kulelea wazee. Gwang-min aliinama hadi tai ikagusa meza.

"Kifaa kitakuwa tayari kabla ya sikukuu ya mavuno, mzee wangu. Nimekiunda mwenyewe."

"Hakikosei?"

"Hata kidogo."

Asubuhi ile ile walikuwa wamekijaribu. Mwenzao mmoja alijiangusha makusudi, kifaa kikadhani ameketi. Gwang-min aliona, akacheka.

"Gwang-min," akasema Bo-kyung, "bado kinakosea. Mtu ataanguka na hakuna atakayekuja."

Mzee Pyo hata hakumtazama Bo-kyung.

"Mkurugenzi Do, unaitwa kwa jina tupu na kijana wako? Watu wanne wamekushinda kuwafunza adabu, utaniuzia nini mimi?"

Akachukua koti, akatoka.

Gwang-min aliwaka. "Umeniua! Mbele ya mgeni unaniita kama mbwa wako!"

"Mbwa wangu hadanganyi wazee."

"Funga mdomo! Majina matupu ni ya kwetu humu ndani, si ya mbele ya wageni. Hata mtoto mdogo anajua!"

"Kumbe wakubwa wapo. Wanajificha tu hadi mteja aje."

"Mkimbilie, bado anangoja lifti. Inama. Mwambie huna adabu, mwambie kifaa ni kizima. Ukikataa, kesho usikanyage hapa."

Bo-kyung akavuta mkoba wake.

"Kifaa kibovu, na nimesema ni kibovu. Siombi radhi. Si kwake, si kwako."