Uvimbe Wenye Uroho

Fundi cherehani alikuwa ameacha sukari, wali, hata matunda. Dada yake alimwambia kwamba saratani hula sukari, basi akaamua kuushindisha njaa uvimbe uliokuwa kwenye pafu lake. Mwezi haukuisha, magauni aliyojishonea mwenyewe yakawa yanamning'inia kama ya kuazima.

"Mama, anayeshinda njaa ni wewe," daktari alimwambia, akimwonyesha picha ya kipimo. Doa moja lilikuwa linang'aa pafuni. "Tulikudunga sukari yenye mionzi kidogo, na uvimbe umeinyakua kwa uroho. Lakini hata usipokula, mwili utatengeneza sukari yake, na uvimbe utachota humo humo. Kuna dawa tunayoifanyia majaribio. Inauzuia uvimbe usigeuze chakula kuwa nguvu. Wewe kula, dawa ifanye kazi yake."

"Na ikishindwa?"

"Tutaiacha, tutafute nyingine. Sikuahidi muujiza."

Alitia sahihi fomu ya kukubali majaribio. Wiki za mwanzo vidonge vilimtia kichefuchefu, lakini alikula hivyo hivyo, kidogo kidogo, dada yake akimsimamia kama askari.

Baada ya miezi mitatu walirudi kupimwa. Doa lilikuwepo bado, ila lilikuwa limefifia na kupungua karibu nusu. Dada mtu akabubujikwa na machozi pale pale.

"Kwa hiyo naendelea na vidonge?" fundi aliuliza.

"Unaendelea, mama."

Kesho yake alipokea kazi ya kushona gauni la harusi iliyobakiza miezi minane, na tarehe akaiandika kwa wino, si kwa penseli.