Amri Haramu

Katika karakana yangu kila kompyuta inayoingia hufungwa karatasi. Nyekundu ni kazi: ya duka la dawa, ya mwalimu, ya mtu anayechapa barua za watu. Nyeupe ni mchezo. Nyekundu hutangulia, nyeupe husubiri, na anayenung'unika namwonyesha mlango. Kwa miaka kumi na moja niliiona sheria hiyo kuwa ya haki kabisa.

Msimamizi alikuja ameikumbatia kompyuta yake kama mgonjwa. Mtaa mzima humwita hivyo kwa sababu alisimamia kiwanda cha nyuzi hadi akastaafu, na mpaka leo haombi kiti, anakiagiza.

"Angalia, mwanangu, kama ni mashine au ni mtu," aliniambia.

"Mtu gani, mzee?"

"Wewe angalia tu."

Nikaiwasha. Akanionyesha mchezo uliogoma kufunguka, ule wa viwanja: unapewa kiwanja, unajenga, unalima, na majirani zako ni watu wa kweli walioko huko waliko. Wiki ile ulikuwa umejisasisha wenyewe. Nilipoubofya ulizimika, ukaacha mstari mmoja wa Kiingereza. Nikacheka. Mzee wa miaka sabini analima mahindi ya kwenye kioo! Nikafunga karatasi nyeupe. Aliitazama, akaenda zake.

Siku ya nane alirudi, mchana wa jua kali.

"Imebaki leo tu," alisema. "Usipoingia siku kumi, kiwanja kinabomolewa, na mbili zilishapita kabla sijakuletea."

"Si utaanza kingine, mzee?"

Alikaa juu ya kreti la nyaya. Sikuwahi kumwona akikaa mahali bila kuchagua.

"Jirani yangu kule anaitwa Kidoti. Jina hilo nilimpa mimi, kwa alama aliyozaliwa nayo shavuni. Ni binti yangu. Nilimwambia akiondoka na yule bwana niliyemkataa asirudi tena kwangu. Akatoka. Simu akabadilisha, na mimi sikuitafuta."

"Na mnaongea humo?"

"Hatujawahi, hata neno moja. Nikiingia asubuhi nakuta ameniachia maji mlangoni. Ua wake ukianguka, naurekebisha. Miaka mitatu sasa. Yeye anajua ni mimi, na mimi najua ni yeye." Akainama. "Mpangaji wangu alinisomea yale maandishi ya Kiingereza. Akasema, amri haramu. Nikajua basi, binti ameniharamishia mlango. Ndiyo maana nikakuuliza kama ni mtu."

Masikio yaliniwaka kwa aibu. Siku nane mashine ya mtu huyu imekaa rafuni na karatasi nyeupe, na mimi nikipita mbele yake nikijiona mwenye haki.

"Mzee, hakuna aliyekufukuza," nilisema. "Prosesa ndiyo ubongo wa mashine, na huzaliwa na orodha ya amri inazozijua. Yako ni ya zamani. Mchezo mpya umeiagiza jambo lisilokuwa kwenye orodha yake, na amri isiyoijua huiita haramu. Ni namna yake ya kusema sijui."

"Basi ifundishe."

"Haifundishiki. Zimechongwa humo humo ndani."

Alinitazama kwa hasira ya mtu ambaye maisha yake yote alitoa amri zikafuatwa. Kisha hasira ikamtoka, akabaki mzee tu.

Mashine nyingine isingetufaa. Zangu zote ni masalia ya ofisi, rika moja na yake. Hata ningeazima mpya, neno lake la siri alilisahau siku ile ile aliyoliandika. Mchezo ulimtambua kwa kompyuta yake tu. Ilibaki njia moja, nayo ni ya kukatisha tamaa. Kuna programu inayokaa kati ya mchezo na prosesa kama mkalimani. Kila amri ngeni ikija, inaisimamisha, inaivunja vipande vidogo ambavyo prosesa inavijua, inavipitisha kimoja kimoja. Kazi inafanyika, lakini kwa mwendo wa kinyonga.

Nilifunga mlango wa karakana, nikaiweka programu hiyo, wenye karatasi nyekundu wakagonga hadi wakachoka. Mchezo ulichukua dakika arobaini kufunguka. Kiwanja kikatokea kwa mafungu: paa, kisha ukuta, kisha lango. Mlangoni hapakuwa na maji. Langoni palikuwa na kibao cha maandishi, kipya.

Nilimsomea, maana macho yake yalikuwa yameshajaa. "Nimeelewa, Baba. Sitakusumbua tena."

"Andika!" aliruka. "Mwambie ni mashine! Mwambie prosesa ni ya zamani, mchezo umebadilishwa, fundi amechelewa, mimi sikuwa na..."

"Mzee, sikiliza. Herufi moja inachukua sekunde kumi. Wenye mchezo wakiona tunasuasua watatutoa, na kila tukitolewa ni dakika arobaini tena. Hayo yote hayaingii. Chagua neno moja."

"Neno moja litaeleza nini?"

"Sijui. Binti ni wako."

Nikaanza kuogopa tutatolewa kabla hajaanza. Kisha akanisogeza pembeni, akaweka kidole chake kinene kwenye kitufe. N. Tukangoja. I. Tukangoja. Ilipofika S nilijua ni neno gani, nikageuza uso, kwa kuwa hilo si jambo la fundi kulitazama. Herufi ya mwisho ikaingia kibaoni, akatuma, na papo hapo kioo kikawa cheusi.

"Limefika?" aliuliza.

"Sijui, mzee."

Tukaanza upya. Dakika arobaini nyingine zikapita. Paa likarudi, ukuta ukarudi, lango likarudi. Kibaoni, chini ya NISAMEHE, palikuwa na tarakimu kumi.

Alijaribu kuzibonyeza kwenye simu yake, mara mbili akakosea. Nikambonyezea mimi, nikamwekea simu sikioni, nikaenda kusimama dirishani. Nilimsikia akisema, "Ni mimi." Kisha hakuagiza wala hakujitetea. Alisikiliza tu, muda mrefu sana, akiitikia kwa sauti ndogo, "Ndiyo, mwanangu. Ndiyo. Ni kweli."