Patipati za Wahome

Biashara haigombi, husema waungwana. Ya Kavinya iligomba saa moja unusu asubuhi, nje ya lango la kiwanda cha nguo Baba Dogo, tena kwa sauti.

“Rudisha jiwe langu,” alisema, mkono ameunyosha.

Lorraine, mimba ya miezi saba, alikuwa ameshaling’ata. Alikuwa mteja wa kila siku: odowa mbili, yale mawe laini ambayo wajawazito wa mtaa huu huyatafuna kama biskuti. Leo alikuja na mama mkwe wake, Nduta, na Kavinya alikuwa ameshampa jiwe ndipo akaona patipati za kiume alizoburura miguuni.

“Za nani hizo?”

“Za mume wangu, Wahome. Zangu zimekataa kuingia.” Lorraine akacheka, kisha akafumba macho. “Anti, kichwa kinanigonga tangu jana. Na naona vinyota.”

Mukai, dadake Kavinya, naye alivaa patipati za mumewe, wiki moja kabla kifafa cha mimba hakijamchukua. Kavinya alipiga goti, akabonyeza muundi wa Lorraine kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale pale, kama kwenye tonge la ugali.

“Kuvimba ni mtoto wa kiume,” Nduta alisema. “Mimi nilivimba na Wahome nikazaa salama. Mpe msichana jiwe, Mama Mutie. Damu yake inataka madini.”

“Na vidonge vya kliniki? Vile vya kalsiamu?”

Lorraine alimtupia mkwewe jicho. “Niliacha. Vilinikwama kooni. Mama akasema jiwe linatosha.”

“Kwani nani hupiga kelele hapa kila asubuhi, ‘Mawe ya madini, mawe ya mama’?” Nduta akafoka. “Leo umekuwa daktari?”

Neno hilo lilimpata. Miaka tisa aliuimba wimbo huo, na mwanawe Mutie alisomeshwa nao. Kavinya akainua beseni la mawe, akalimwaga mtaroni, lote. Wafanyakazi waliokuwa wakiingia langoni walisimama kutazama.

“Nilidanganya!” alitangaza kwa sauti ile ile ya kuuzia. “Lakini wewe, Mama Wahome, ulimwachisha mtoto wa watu dawa. Ukitaka mjukuu, shika mkono ule mwingine. Twende!”

Kliniki, muuguzi Marion alipima presha, akakunja uso, akapima tena. Mia moja sabini na nane, kwa mia moja kumi na nne. Hakuna aliyetaja foleni. Sindano ikachomwa, gari la hospitali kuu likaitwa.

“Kalsiamu ilikuwa ya kukukinga,” Marion alimwambia Lorraine. “Sasa tunazima moto. Mngengoja hadi jioni…”

Siku ya nne Nduta alikuja langoni peke yake. Kwenye beseni lile lile sasa mlikuwa na omena, dagaa wa ziwani, na mboga za terere.

“Wamemzalisha,” alisema. “Msichana. Kilo moja unusu, yuko kwenye mashine ya joto. Presha ya mamake inashuka.”

“Mungu asifiwe.”

“Lakini ulinianika mbele ya kiwanda kizima, Mama Mutie. Niombe msamaha.”

Kavinya alijaza kopo la omena hadi likafurika, akaifunga kwenye gazeti. “Mpelekee. Mwambie aile na mifupa yake, kalsiamu iko humo.”

“Nimesema uniombe msamaha.”

“Nimekusikia. Lorraine nilimwomba, nikiwa nimemshika mkono kabla gari halijaondoka.” Akamsukumia kifurushi kifuani. “Wewe sikuombi.”